Maswali na Majibu: Kutoa Slaidi Kama Picha Isiyo na Ukungu

Barua nyingi za toleo hili zinahusu tatizo moja lenye sura kadhaa: slaidi inapendeza kwenye skrini ya mwandishi wake, lakini ikishageuzwa kuwa picha, maandishi yanaingia ukungu na mistari inakuwa na kingo zilizochongokachongoka. Tumechagua barua sita. Majina ya amri tumeyaacha kama yanavyoonekana katika programu zenye menyu za Kiingereza, kwa kuwa ndizo zinazotumiwa na wasomaji wote waliotuandikia.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nilichora mchoro wa makala yangu katika PowerPoint kwenye Windows, nikauhifadhi kama picha ya PNG na kuutuma kwa wahariri wa jarida la kitaaluma. Waliurudisha wakisema wanataka nukta 300 kwa inchi kwa upana wa sentimita 17. Niliufungua katika programu ya kuhariri picha, nikabadilisha namba 96 kuwa 300, nikautuma tena, nao wakaurudisha tena. Je, wanataka nini hasa?

JIBU: Wanataka pikseli, nawe umewapelekea namba. Picha ya kompyuta haina inchi wala sentimita ndani yake. Ina safu za vidoa vya rangi vinavyoitwa pikseli, na pembeni yake kuna maelezo mafupi yanayoishauri printa ivisambaze vidoa hivyo kwa msongamano gani. Ulipobadilisha 96 kuwa 300 ulibadilisha ushauri huo tu, na vidoa vikabaki vilevile. Kama programu yako ilitumia nafasi hiyo kuongeza pikseli, basi ilizikisia kutokana na zile zilizokuwapo, na makisio ya namna hiyo hulainisha kingo za herufi badala ya kuzisafisha.

Tufanye hesabu yenyewe, maana ndiyo itakayokuokoa kila mara utakapokutana na masharti ya aina hii. Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa inchi 13.333 na kimo cha inchi 7.5. Programu, isipoambiwa vinginevyo, huitoa kwa pikseli 96 kwa kila inchi, na kwa hiyo unapata picha ya pikseli 1280 kwa 720. Sentimita 17 ni takriban inchi 6.69, ukizidisha kwa 300 unapata pikseli 2008 hivi. Hizo ndizo zinazodaiwa na jarida, wakati wewe una 1280, ambazo kwa msongamano wa 300 zinatosha upana wa sentimita 10.8 tu. Mhariri hahitaji hata kuusoma mchoro ili aukatae. Anatazama upana wa picha kwa pikseli, basi.

Dawa yake ni kuiambia PowerPoint itoe pikseli nyingi zaidi tangu mwanzo, wakati ambapo herufi na maumbo bado ni maumbo ya kihesabu yanayoweza kuchorwa upya kwa ukubwa wowote. Katika Windows mpangilio huo haumo kwenye menyu yoyote. Umo kwenye rejista ya mfumo, yaani hazina ambamo Windows huweka mipangilio yake na ya programu, mahali ambapo mtu hapaswi kuparamia mambo, kwa hiyo nenda taratibu na usiguse kitu kingine chochote. Funga PowerPoint kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika regedit, kisha kubali. Upande wa kushoto fungua HKEY_CURRENT_USER, halafu Software, Microsoft, Office, 16.0, PowerPoint, na mwisho Options. Namba 16.0 ni ya matoleo ya 2016, 2019 na 2021 pamoja na Microsoft 365. Toleo la 2013 hutumia 15.0 na lile la 2010 hutumia 14.0. Ukiwa ndani ya Options, bofya kulia kwenye sehemu tupu, chagua "New", kisha aina ya DWORD yenye biti 32, na uipe jina ExportBitmapResolution, lote likiwa neno moja bila nafasi. Bofya jina hilo mara mbili ili kisanduku cha thamani kifunguke.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kisanduku hicho hufunguka kikiwa kimechagua "Hexadecimal", yaani hesabu ya msingi wa kumi na sita. Ukiandika 300 bila kubadilisha, mfumo utaisoma kuwa 768, na slaidi moja itatoka na pikseli 10,240 kwa 5,760, faili ambalo halitapokewa kwa urahisi na barua pepe wala na fomu ya jarida. Chagua "Decimal" kwanza, kisha andika namba yako. Thamani ya 150 hutoa pikseli 2000 kwa 1125, ya 200 hutoa 2667 kwa 1500, na ya 300 hutoa 4000 kwa 2250. Kubali, funga dirisha la rejista, fungua PowerPoint, nenda "File" kisha "Save As", chagua aina ya faili PNG, na programu itakuuliza kama unataka slaidi zote au hii moja tu. Ukichagua zote, itatengeneza folda yenye jina la wasilisho na kuzipanga humo kwa namba.

Utaona kwamba kwa hitaji lako hata thamani ya 200 ingetosha, kwa sababu 2667 inazidi 2008. Namba 300 ya jarida na namba 300 ya rejista hazizungumzii inchi zilezile: moja inahesabu inchi za ukurasa uliochapishwa, nyingine inahesabu inchi za slaidi. Hata hivyo mimi ningeweka 300, kwa sababu mchoro wako huenda haujazi slaidi nzima. Kama umekaa katikati ukichukua nusu ya upana, nawe ukakata weupe wa pembeni baada ya kuutoa, zile pikseli 4000 zinabaki 2000, na umerudi chini ya kiwango. Njia iliyo safi zaidi ni kupunguza weupe kabla ya kutoa: ama upanue mchoro ujaze slaidi, ama ubadilishe umbo la slaidi lifanane na umbo la mchoro.

Ukishapata picha yenye pikseli za kutosha, kile ulichokifanya mwanzo sasa kinakuwa halali. Ifungue katika programu ya kuhariri, weka upana wa sentimita 17 bila kuruhusu idadi ya pikseli ibadilike, na msongamano utajipanga wenyewe. Kwa pikseli 4000 utasoma karibu 598, ambayo inawatosheleza wahariri na kubaki.

Ikiwa kompyuta unayotumia ni ya ofisi au ya chuo na rejista imefungwa, kuna mlango mwingine. Fungua wasilisho, simama kwenye slaidi unayoitaka, bonyeza Alt na F11, kisha Ctrl na G. Katika dirisha dogo litakalofunguka chini andika mstari huu na ubonyeze Enter:

ActiveWindow.View.Slide.Export "C:\Picha\mchoro.png", "PNG", 4000, 2250

Folda utakayoitaja lazima iwepo tayari, na namba mbili za mwisho ni upana na kimo kwa pikseli. Hakikisha zinafuata uwiano wa slaidi yako. Ukiandika 4000 kwa 3000 kwenye slaidi pana, programu haitakuonya, bali itaurefusha mchoro kwenda juu, na duara litakuwa yai.

SWALI: Nilifuata maelekezo ya rejista niliyopewa na mwenzangu kazini, na kweli picha sasa zinatoka na pikseli 4000. Maandishi yote yako wazi kabisa, ila picha za kamera nilizoziweka ndani ya slaidi bado zina ukungu, na nyingine zinaonekana mbaya kuliko mwanzo. Mimi ni mwalimu, na picha hizi ni za vifaa vya maabara, kwa hiyo wanafunzi wanapaswa kuona hata alama ndogo za vipimo.

JIBU: Mwalimu, maandishi yamekuwa wazi kwa sababu programu inayachora upya kila inapotoa picha. Picha ya kamera haiwezi kuchorwa upya. Ina pikseli zile ilizozaliwa nazo. Kama picha ya chupa ya maabara ina upana wa pikseli 640, nawe umeitandaza kwenye slaidi nzima, kila pikseli yake italazimika kufunika zaidi ya pikseli sita za upana katika picha inayotoka. Awali, slaidi ilipotoka na pikseli 1280, unyonge huo ulifichika kwa sababu kila kitu kilikuwa kinyonge. Sasa imezungukwa na herufi safi, na jicho linaona tofauti mara moja.

Swali la kujiuliza, basi, ni pikseli zilipotelea wapi, na mara nyingi zimepotea katika mojawapo ya sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni njiani. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa na huduma yenyewe kabla haijafika, wakati picha ileile ikitumwa kama hati hufika ilivyo. Iombe upya kwa njia hiyo, au ichukue moja kwa moja kutoka kwenye kamera au simu iliyoipiga.

Sehemu ya pili ni PowerPoint yenyewe. Isipozuiwa, programu hii huzifinya picha kila unapohifadhi wasilisho ili faili lisiwe zito, na kiwango ilichokitumia kwa miaka mingi ni pikseli 220 kwa kila inchi ya slaidi. Picha iliyojaza slaidi ya inchi 13.333 inabakiwa na pikseli 2933 za upana, hata kama kamera iliipiga kwa pikseli 6000. Ukitoa slaidi kwa pikseli 4000, umeshaipita. Kuzuia jambo hili, nenda "File", "Options", "Advanced", shuka hadi "Image Size and Quality", weka alama kwenye "Do not compress images in file", na mahali pa kiwango chagua "High fidelity". Mpangilio huo unalihusu wasilisho lililo wazi, kwa hiyo usidhani kwamba ukiuweka mara moja umemalizana na mawasilisho yote. Na lililo kubwa zaidi, uweke kabla ya kuingiza picha. Pikseli zilizokwisha kutupwa wakati wa kuhifadhi hazirudi kwa kubadilisha mpangilio; itakubidi uifute picha kwenye slaidi na kuiingiza upya kutoka kwenye faili asilia.

Sehemu ya tatu ni tabia ya kupiga picha ya skrini. Mtu ana chati katika Excel, badala ya kuinakili kama chati anapiga picha ya skrini na kuibandika kwenye slaidi. Tangu hapo chati hiyo ni picha kama picha nyingine, na namba zake ndogo kwenye mhimili hazitasafika tena. Chati ikinakiliwa kama chati, au ikibandikwa kwa "Paste Special" kama "Enhanced Metafile", hubaki maumbo na herufi, nayo hutoka safi kwa kiwango chochote utakachokiomba.

Ukitaka kujua hasa ni picha gani imo ndani ya wasilisho lako, kuna uchunguzi mdogo ninaoupenda kwa sababu haubishaniwi. Faili la pptx ni mkoba wa zip wenye jina jingine. Tengeneza nakala ya wasilisho, badilisha mwisho wa jina la nakala kutoka .pptx kuwa .zip, ufungue, ingia folda ya ppt kisha ya media. Humo utazikuta picha zote jinsi zilivyo kwa sasa, na ukibofya kulia moja na kutazama sifa zake utaona upana na kimo chake kwa pikseli. Kama chupa yako ya maabara imo humo ikiwa na pikseli 640, hakuna mpangilio wa kutoa picha utakaoisaidia. Kama imo na pikseli 6000, basi tatizo liko mbele, na tutalitafuta huko.

Neno moja zaidi kuhusu kukata picha ndani ya slaidi. Ukikata sehemu ndogo ya picha na kuikuza ijaze slaidi, unatumia pikseli za sehemu hiyo tu. Kwa alama za vipimo, ni afadhali kuipiga picha upya kwa karibu kuliko kuikata kutoka kwenye picha ya meza nzima.

SWALI: Mara nyingi majibu yenu yanahusu Windows. Sisi tunaotumia Mac, LibreOffice na Google Slides tufanyeje?

JIBU: Lawama imepokewa, na habari njema ni kwamba wengi wenu mna njia fupi kuliko ile ya rejista. Katika PowerPoint ya Mac nenda "File" kisha "Export", chagua PNG, JPEG au TIFF, na visanduku vya upana na kimo viko palepale. Andika pikseli unazozitaka na umemaliza. LibreOffice Impress nayo, ukichagua "Export" na aina ya PNG, huleta kisanduku cha kuweka upana, kimo na msongamano, ila kumbuka kwamba inatoa slaidi ile unayoitazama tu, si wasilisho zima.

Google Slides haiulizi chochote. Amri ya kupakua PNG au JPEG iko chini ya "File" na "Download", na pikseli unazopata hutegemea ukubwa wa ukurasa. Kwa hiyo unaukuza ukurasa wenyewe kupitia "Page setup" na "Custom", ambako unaweza kuandika vipimo kwa pikseli. Ni vyema kufanya hivyo kabla ya kuanza kupanga vitu. Huduma hiyo pia hutoa slaidi kama SVG, umbo la vekta lisilotegemea pikseli, ambalo nitalirudia chini. Katika Keynote, vivyo hivyo, ukubwa wa slaidi huwekwa kwenye paneli ya "Document", na picha hutolewa kwa "Export To" kisha "Images".

Ujanja wa kukuza slaidi unafanya kazi hata katika PowerPoint ya Windows pale rejista na ule mstari wa amri vinaposhindikana. Nenda "Design", "Slide Size", kisha ukubwa wa kujipangia. Ukiongeza upana na kimo mara mbili, kwa pikseli zilezile 96 kwa inchi utapata 2560 kwa 1440. Ifanyie kazi hiyo nakala ya wasilisho na si faili lenyewe, kisha upitie kila slaidi, kwa kuwa vitu vilivyopangwa kwa uangalifu huweza kusogea.

SWALI: Tumetengeneza bango la mkutano katika PowerPoint, ukubwa wa A0. Mchapaji ametuambia tumpelekee picha ya nukta 300. Kompyuta yetu inakwama kila tukijaribu. Tununue kompyuta nyingine?

JIBU: Hapana, ndugu zangu, msinunue kitu. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1189. Kwa msongamano wa 300 hiyo ni takriban pikseli 9,933 kwa 14,043, yaani karibu pikseli milioni 139 katika picha moja. Mpangilio wa rejista tuliouzungumzia kwenye swali la kwanza hufuata inchi za slaidi, kwa hiyo namba iliyotoa pikseli 4000 kwa slaidi ya kawaida inaomba mlima kwa slaidi ya A0. Si ajabu kompyuta ikakwama.

Mrudieni mchapaji mumwombe apokee PDF. Katika PDF maandishi na maumbo hubaki vekta, yaani maelezo ya mistari na mikunjo ambayo mtambo wa kuchapia huyachora kwa uwezo wake wote, na ni picha za kamera pekee zinazobaki na pikseli zake. Bango la PDF huwa jepesi kuliko picha ya bango hilohilo na bado hutoka safi zaidi. Wakati wa kuhifadhi chagua "Standard" na si "Minimum size", kwa sababu hiyo ya pili huzifinya picha. Baada ya hapo fungueni PDF na mkuze hadi asilimia 400, mkague hasa sehemu zenye vivuli na mng'ao, kwa maana mapambo ya namna hiyo mara nyingi hugeuzwa kuwa pikseli njiani. Kivuli kilichoharibika kwenye bango la A0 huonekana na kila mtu anayeingia mlangoni; mkiniuliza mimi, viondoeni vyote.

Ikiwa mchapaji anashikilia kwamba lazima awe na picha, basi mwulizeni watu watalitazama bango kutoka umbali gani. Kwa bango linalosomwa kutoka hatua mbili, msongamano wa 150 unatosha kabisa, nao unahitaji pikseli 4,967 kwa 7,022 tu. Hata hapo ningepitia PDF kwanza, kisha ningeigeuza kuwa picha nje ya PowerPoint: GIMP na Inkscape, programu za kuhariri picha na michoro, hufungua PDF, na GIMP hukuuliza msongamano unaoutaka kabla ya kuionyesha. Kwa anayezoea kuandika amri, pdftoppm iliyomo katika mkusanyiko wa Poppler hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja, pdftoppm -r 150 -png bango.pdf bango, na haichoki hata kwa kurasa mia.

Mchapaji akidai pia rangi za CMYK, yaani zile za wino wa uchapaji, afahamu kwamba PowerPoint hufanya kazi kwa rangi za RGB, zile za mwanga wa skrini, na haitoi CMYK. Ubadilishaji huo ni kazi ya programu zake yeye.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Napenda kujua ipi ni bora kati ya PNG na JPEG, maana naona zote ni picha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa slaidi, PNG. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane na kutupa undani ambao jicho halitauhisi sana, na kwa picha ya uso wa mtu au ya mawingu hilo hufanya kazi vizuri mno. Herufi nyeusi juu ya weupe si mawingu. Ukiikuza slaidi iliyohifadhiwa kama JPEG, utaona vumbi la kijivu limezunguka kila herufi, na kila ukiihariri na kuihifadhi tena vumbi linaongezeka. PNG nayo hulifinya faili bila kutupa pikseli hata moja, na kwa slaidi yenye maeneo makubwa ya rangi moja faili huwa dogo pia. Slaidi ambayo ni picha ya kamera tupu ndiyo pekee ningeihifadhi kama JPEG.

SWALI: Sihitaji slaidi nzima. Nimechora nembo kwa maumbo ya PowerPoint, nami nataka kuitoa peke yake bila mandhari nyeupe, kisha niitumie mahali pengi kwa ukubwa tofauti. Nikiitoa inakuwa ndogo na yenye ukungu.

JIBU: Slaidi ikitolewa nzima, mandhari yake hutoka nayo, hata ikiwa nyeupe. Unachotakiwa kufanya ni kuchagua maumbo yote ya nembo, uyaunganishe kwa "Group", kisha ubofye kulia na kuchagua "Save as Picture". Picha ya PNG itakayopatikana itakuwa na uwazi pale pasipo na umbo. Ila ukubwa wake hufuata ukubwa wa nembo ilivyo kwenye slaidi, na ndiyo maana yako, ambayo bila shaka imekaa kwenye kona, imetoka ndogo.

Utashawishika kuikuza kwa kuvuta pembe yake. Ukifanya hivyo maumbo yatakua, lakini maandishi yaliyomo ndani yatabaki na ukubwa uleule wa fonti, na mistari itabaki na unene uleule, hivyo nembo kubwa itakuwa na maneno madogo na kingo nyembamba kama uzi. Itakubidi uongeze fonti na unene wa mistari kwa mkono, kwa uwiano uleule uliokuza maumbo.

Kwa kuwa umesema utaitumia kwa ukubwa tofauti, acha kabisa habari ya pikseli. Katika matoleo ya sasa ya PowerPoint, kisanduku hichohicho cha "Save as Picture" kina aina ya SVG. Hifadhi humo, na nembo ileile itafaa kwenye kadi ndogo na kwenye bango bila kupoteza chochote. Jihadhari na jambo moja: SVG inaweza kubeba maandishi yako kama herufi za fonti fulani, na kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine badala yake. Fungua faili hilo katika Inkscape, chagua maandishi, na uyageuze kuwa maumbo kwa amri ya "Object to Path" kabla ya kumkabidhi mtu. Nakala yenye maandishi yanayoharirika ibaki kwako, maana yakishageuzwa kuwa maumbo huwezi tena kusahihisha hata nukta ya herufi moja.